Punguzo la Sikukuu na Mfuko wa Mwalimu

Jioni ya Desemba 11, 2021, mjini Sioux Falls katika jimbo la South Dakota, Marekani, mechi ya hoki ya barafuni ilifika mapumziko na zulia likatandikwa katikati ya uwanja. Juu yake zikamwagwa noti za dola moja moja, jumla dola 5,000. Walimu 10 wa shule za eneo hilo wakapiga magoti kulizunguka zulia, na waliporuhusiwa wakaanza kuzizoa kwa mikono miwili, wakizitumbukiza ndani ya fulana na mifukoni, huku mashabiki wakishangilia majukwaani. Alichookota mwalimu kilikuwa cha kununulia mahitaji ya darasa lake. Video ikasambaa duniani, watu wakachukia, waandaaji wakaomba radhi na kuwaongezea fedha wote walioshiriki.

Kilichowaudhi watu ni yale magoti. Fedha zilezile zingetolewa kwa hundi ndani ya bahasha, asingeshtuka mtu, kwa kuwa mwalimu wa Marekani kuhangaikia fedha za darasa kwa njia zake mwenyewe ni habari ya kila mwaka. Mhadhara huu unahusu njia moja iliyo kimya kuliko ile ya zulia: punguzo la bei la msimu wa sikukuu wanalotangaziwa walimu mtandaoni kila mwisho wa Novemba, na zana za kidijitali zinazouzwa humo. Hoja zake ni mbili zilizoshikana. Mwalimu anayefurahia punguzo hilo amekwisha kubebeshwa gharama isiyo yake. Tena, katika bidhaa za kidijitali, bei ndilo jambo la mwisho la kuangalia.

Kwanza tujue ni nani analipa. Mei 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wake kwa walimu wa shule za umma: katika mwaka wa masomo wa 2014–15, asilimia 94 yao walitoa fedha mfukoni kwa ajili ya darasa bila kurudishiwa. Wastani ulikuwa dola 479 kwa mwalimu, na asilimia 7 walivuka dola 1,000. Hizo ni penseli, karatasi za rangi, vitabu vya hadithi, tishu za kupengea makamasi, na zaidi na zaidi ni mafaili na programu.

Serikali inalijua hilo, na sheria yake ya kodi inalikiri waziwazi. Tangu mwaka 2002 mwalimu wa Marekani ameruhusiwa kuondoa hadi dola 250 za manunuzi ya darasa kwenye kipato kinachotozwa kodi, na mwaka 2022 kiwango kikapanda hadi 300. Wengi husikia dola 300 wakadhani serikali inarudisha dola 300. Hairudishi. Kwa kiwango hicho, mwalimu aliye katika daraja la kodi la asilimia 12 anaokoa dola 36. Aliye katika asilimia 22 anaokoa 66. Zinazobaki ni zake na familia yake. Ni vigumu kuifikiria kazi nyingine ya umma ambayo mwajiri anamtambua mtumishi kuwa mfadhili wa ofisi, kisha anamshukuru kwa namna ya kibahili kiasi hicho.

Mtu anayetumia fedha yake mwaka mzima huwa mteja, na mteja huandaliwa msimu. Msimu wa manunuzi wa Marekani umetengenezwa kwa mikono ya watu. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na Sikukuu ya Shukrani, ambayo wakati huo kwa desturi iliangukia Alhamisi ya mwisho, ingekuwa tarehe 30. Wafanyabiashara wakalalamika kwamba siku za kununua zawadi za Krismasi zitakuwa chache mno. Rais Franklin Roosevelt akaisogeza nyuma wiki nzima. Baadhi ya majimbo yakagoma, nchi ikawa na sikukuu mbili, mpaka Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1941 kuifunga kwenye Alhamisi ya nne. Siku inayofuata ikaja kuitwa Ijumaa Nyeusi, jina lililotumiwa na polisi wa Philadelphia waliochoshwa na msongamano wa magari na wanunuzi. Jumatatu ya Mtandao ni changa zaidi: ilibatizwa Novemba 2005 na chama cha wauzaji wa mtandaoni kilichogundua kwamba watu wakirudi ofisini baada ya sikukuu hununua vitu kwa kompyuta za mwajiri, maana nyumbani intaneti ilikuwa bado ya kujikongoja.

Mwaka uliofuata, 2006, Paul Edelman, aliyekuwa mwalimu wa shule za umma New York, alianzisha soko la mtandaoni linaloitwa Teachers Pay Teachers. Jina lenyewe linajieleza: walimu wanawalipa walimu. Mwalimu aliyetengeneza zoezi zuri analipandisha, anaweka bei, na mwenzake wa jimbo la mbali analipakua na kulitumia asubuhi inayofuata. Edelman aliwahi kuiuza kampuni hiyo kwa wachapishaji Scholastic, akainunua tena mwaka 2009, na mwaka 2023 ikachukuliwa na IXL Learning. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2012, Deanna Jump, mwalimu wa watoto wadogo kutoka jimbo la Georgia, alivuka dola milioni moja kwa kuuza maandalio yake humo. Habari hiyo iliwatia walimu wengi hamu ya kujaribu bahati, ingawa wanaofika alikofika yeye ni wa kuhesabika.

Bidhaa zenyewe ni za hali ya chini, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Chukua kifurushi cha Desemba cha watoto wa miaka mitano. Ndani yake kuna kurasa za kuhesabu hadi 20 kwa picha za soksi na kengele, kadi za herufi za kukata kwa mkasi, na toleo la kidijitali ambalo mtoto hushika namba kwa kidole kwenye kioo cha kishikwambi na kuiburuta hadi kwenye kisanduku chake. Akikosea, namba inarudi ilikotoka. Kuna ukurasa mmoja wa maelekezo kwa mwalimu na ukurasa wa masharti unaosema faili ni la darasa moja tu. Mwalimu hodari anaweza kulitengeneza mwenyewe. Litamchukua jioni tatu, nne. Kwa dola chache anazinunua jioni hizo, anasahihisha madaftari, analala.

Kwa hiyo Jumatatu ya Mtandao ikifika na soko likatangaza punguzo, walimu huwa wamekwisha kujaza vikapu tangu wiki iliyotangulia, wakisubiri saa sita ya usiku. Hesabu ya punguzo hilo inafaa kupigwa hadharani. Kwa muda mrefu muuzaji wa ngazi ya kawaida katika soko hilo alipata asilimia 55 ya bei, kisha akakatwa senti 30 kwa kila bidhaa. Kifurushi cha dola 10 kilimwachia dola 5.20. Akikipunguza kwa asilimia 20, bei inakuwa dola 8, fungu lake 4.40, na ukitoa senti 30 anabaki na 4.10. Mnunuzi ameokoa dola mbili. Dola moja na senti kumi ya hizo imetoka kwa muuzaji, ambaye mara nyingi ni mwalimu kama yeye aliyekesha akichora soksi na kengele, na senti 90 zimetoka kwa mwenye soko. Sikukuu ya walimu wote, kama inavyotangazwa, kwa sehemu kubwa ni mwalimu mmoja kumpunguzia mwingine mzigo ambao wote wawili hawakupaswa kuubeba. Wapo wauzaji wanaofidia kwa wingi wa mauzo. Wapo pia wanaopandisha bei Oktoba ili waishushe Novemba, ujanja ambao kila aliyewahi kwenda sokoni mkesha wa Idi anaufahamu.

Faili halina ghala, haliozi, haliishi. Nakala ya elfu kumi inatoka kwa gharama ileile ya nakala ya pili, yaani karibu na bure. Kwa nini basi punguzo liwe na saa inayohesabu sekunde kinyumenyume kwenye kona ya kioo? Haraka hiyo imetengenezwa, na inamzuia mnunuzi kufanya jambo moja tu la maana: kulifungua faili na kulisoma.

Kulisoma kunahitajika sana. Mwaka 2019 Taasisi ya Thomas B. Fordham iliwakabidhi wataalamu zaidi ya bidhaa 300 za Kiingereza cha sekondari, zile zilizopakuliwa zaidi kutoka kwenye masoko na maktaba tatu za walimu mtandaoni, likiwemo soko la Edelman. Hukumu yao: asilimia 64 hazifai kutumiwa au pengine hazistahili kutumiwa. Nyingi zilikuwa zimepambwa vizuri, hazina makosa ya tahajia, ila hazikumtaka mwanafunzi afikiri sana. Nyota tano za wateja hazikuyaona hayo, na si ajabu. Mwalimu huacha maoni yake siku ile kazi ilipomwokoa, kabla hajaona wanafunzi wamefanya nini kwenye mtihani.

Kuna pia swali la mali ya nani. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York iliamua shauri la mwalimu wa hisabati wa wilaya ya Cherry Valley-Springfield, aliyedai mitihani na mazoezi aliyoandaa yalikuwa yake. Mahakama ikasema kazi hiyo ilifanywa ndani ya ajira, kwa hiyo ni ya shule. Ukiuchukua uamuzi huo kwa uzito wake, sehemu ya bidhaa zinazouzwa na walimu mtandaoni ni mali ya waajiri wao. Wilaya nyingi hunyamaza. Na zina sababu: mwajiri akidai umiliki wa zoezi lililotengenezwa saa tano usiku kwenye meza ya jikoni, ataulizwa pia nani alilipa kompyuta, karatasi na umeme.

Tukigeukia programu zenyewe, huko mteja hapewi hata faili la kushika. Google ilifungua programu yake ya Classroom kwa walimu Agosti 2014. Mwaka mmoja kabla yake, Kahoot ilizinduliwa nchini Norway ikitokana na utafiti wa chuo kikuu cha Trondheim, na darasa zima likaweza kujibu maswali kwa simu huku muziki ukikimbiza saa. Walimu walizipenda kwa haki. Zana za aina hii nyingi huanza bure. Mwalimu anaingiza majina ya wanafunzi, anajenga maswali 200, anawazoesha wazazi. Kisha idadi ya wachezaji wa bure inapunguzwa au kitufe alichokizoea kinahamia upande wa kulipia, na Novemba inakuja barua pepe: usajili wa mwaka kwa nusu bei. Usajili wa nusu bei unajirudia mwaka unaofuata kwa bei kamili, kwa kadi ileile, mwalimu akiwa ameshasahau.

Hilo ni dogo likilinganishwa na zana kufa. Edmodo, jukwaa la darasa mtandaoni, ilianza mwaka 2008, ikawa na mamilioni ya walimu na wanafunzi duniani, na wapo waliokuwa na miaka kumi ya kazi humo. Mwaka 2017 taarifa za akaunti milioni 77 ziliibwa na wadukuzi. Mwaka 2018 ikauzwa kwa kampuni ya Kichina ya NetDragon, na Septemba 2022 ikazimwa. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaitangazia faini ya dola milioni 6 kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo. Malipo yakasitishwa kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo tena. Ubao wa Google ulioitwa Jamboard, kipenzi cha walimu wakati wa korona, ulifungwa mwisho wa mwaka 2024. Flip, ya kurekodi video fupi za wanafunzi, Microsoft iliiondoa kama programu ya kujitegemea mwaka huohuo. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyokufa kwa kukosa walimu.

Afrika Mashariki tuko wapi katika habari hii? Ijumaa Nyeusi imefika Nairobi kwa mabango ya duka la mtandaoni la Jumia na ya maduka makubwa. Tanzania Jumia yenyewe ilifunga shughuli Novemba 2019. Punguzo la walimu kama la Marekani halipo, lakini soko la walimu lipo, tena limechangamka. Liko kwenye WhatsApp na Telegram. Msimu wake ni Desemba, kwa sababu huku mwaka wa shule huanza Januari, na likizo ya Krismasi ndiyo wiki ambazo mwalimu anadaiwa azimio la kazi la muhula mzima na maandalio ya masomo. Mtaala ukibadilika, kama ulivyobadilika Kenya ulipoingia mtaala wa umilisi madarasa ya chini mwaka 2019 na Tanzania mitaala mipya ilipoanza kutekelezwa Januari 2024, ya zamani yote hayafai, na kila kundi linajaa ujumbe wa aina moja: “Mwenye azimio la Jiografia, muundo mpya, naomba.” Mwenye nalo anajibu kwa namba ya simu na bei. Fedha inatumwa, faili la Word linaingia, jina la shule ya mwandishi wa kwanza likiwa bado limesahauliwa pale juu. Mkaguzi akija anakuta shule mbili za mikoa tofauti zimepanga kuwapeleka wanafunzi kwenye bwawa moja.

Kinachouzwa huku ndicho kinachouzwa Georgia: jioni za mwalimu. Tofauti ni kwamba kwetu anayelipa mfukoni hulipa mara mbili, faili na bando. Ruzuku ya uendeshaji wa shule haikukusudiwa kwa hayo. Kenya kwa miaka mingi imekuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na Tanzania shilingi 10,000, na humo humo mna chaki, vitabu, ukarabati na mitihani. Vifaa navyo vimekuja kwa mafungu. Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa shule za msingi mwaka 2016, vikazidi milioni moja. Tanzania ilivitumia vishikwambi kwenye Sensa ya Agosti 2022, kisha ikavipeleka kwa walimu, uamuzi wa busara ambao haukupata sifa uliyostahili. Lakini kishikwambi kisicho na bando ni kioo cheusi, na bando halikugawiwa na mtu.

Ndiyo maana yafaa kujua vitu vilivyo bure mwaka mzima na visivyoulizia intaneti kila dakika. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, una majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye kioo: mwanafunzi anaunganisha betri na balbu, akikosea mzunguko balbu haiwaki. Yanapakuliwa mara moja na kuendeshwa bila mtandao, na baadhi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa fizikia asiye na maabara atapata humo zaidi ya alichoweza kununua kwa dola 479. GeoGebra, iliyoanzia Austria mwaka 2001, inafanya kazi kama hiyo kwa hesabu. African Storybook, inayosimamiwa kutoka Afrika Kusini tangu 2014, ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Kenya na Uganda, na leseni yake inaruhusu kuchapa, kutafsiri na hata kubadilisha. Programu ya masomo iitwayo Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja na kulisha darasa zima kwa Wi-Fi ya humo ndani, bila bando la mtu yeyote. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada, na Kenya taasisi ya mitaala, KICD, ina yake.

Hakuna inayotangaza punguzo, kwa hiyo hakuna inayotajwa Novemba.

Hilo halimaanishi kwamba kulipa ni kosa. Mwalimu aliyetunga kitini kizuri cha Kemia anastahili kulipwa, na ni afadhali alipwe yeye kuliko anayekisambaza bila jina lake. Anayenunua Desemba hii aombe kurasa mbili za mfano kabla ya kutuma fedha, na azifanye kama mwanafunzi, kwa kalamu, mpaka swali la mwisho. Aulize kama faili litafunguka simu ikiwa haina mtandao, na kama litafunguka pia mwaka kesho kampuni ikifungwa. Likiwa linaishi ndani ya akaunti tu, ajihesabu amekodi. Panapotakiwa majina na picha za watoto, asimame hapo, wazazi hawajaulizwa.

Neno kwa wakuu wa shule na kamati za shule ni moja. Linahusu kikao cha bajeti ya Januari. Wekeni humo mstari wa bando, mstari wa kudurufu na mstari wa zana za kufundishia, hata ukiwa mdogo, na mwalimu alete risiti.